Fungu Letu la Ndege

Mama alikubali kuhamia kwangu Nzuguni kwa sharti moja. Tulikuwa jikoni kwake, yeye anachambua mlenda mkavu, mimi nimekaa kwenye kigoda nimenuna. Tulikuwa tumebishana tangu asubuhi na sauti ilikuwa imeanza kunikauka. Akasema bila kuinua macho, "Mwaka huu nikishindwa kujilisha, nitakuja huko kwako. Nikijilisha, usinitajie tena habari ya mjini." Nikasema sawa. Tukapeana mikono kabisa, mtu na mama yake, kama watu waliouziana mbuzi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina nyumba ya vyumba vitatu ambayo peke yangu siijazi, na bomba linalotoa maji siku linapojisikia. Mama anaishi kwenye tambarare chini ya Mlali, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na shamba lake la mtama linaanzia pale zizi la zamani linapoishia. Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa imekatika mapema. Mtama wake ni ule mrefu wa tangu zamani, unaomzidi mtu kimo, na unataka mvua ya muda mrefu. Mara zote mbili ulisimama shambani majani yakajikunja, masuke yakatoka matupu, tukakata mabua tukawapa ng'ombe wa watu. Nikawa natuma unga kwa basi kila mwezi. Mama aliupokea na kushukuru, na kila nilipokwenda kumwona nilikuta mfuko wa mwezi uliopita haujaisha. Alikuwa anakula kidogo makusudi ili nisimwone ananihitaji.

Nilikuwa nimechoka, nalisema hilo wazi. Nilichoka kusimama stendi na mfuko wa unga miguuni, nilichoka kumuwaza kila kiangazi kilipoanza kuunguza. Na mimi nina hasira za karibu. Wateja wangu wanajua, hakuna anayerudisha nguo kwangu bila kusikia neno. Nilitaka aje mjini, akae chumba kile kinachopata jua la asubuhi, nimwone anakula kwa macho yangu, basi.

Sasa angalia ujinga wangu. Ahadi nilishaipata. Ningekaa kimya tu, mvua ikatike kama ilivyozoea, nikamchukue mtu wangu. Sikuweza. Nikiwaza mwaka wa tatu wa masuke matupu roho inaniuma. Nilitaka mama ashindwe, na nilitaka asilale njaa, na hayo ni mafahali wawili katika zizi moja. Kwa hiyo nikaenda mjini kununua mbegu ya mtama wa muda mfupi, ule unaokua mpaka usawa wa kiuno na kukomaa kabla mvua haijapata nafasi ya kukatika.

Duka ni la mzee mmoja wa Kihindi, karibu na soko, na babu yake ndiye aliyelifungua. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza shamba liko upande gani. Nikamwambia. Akauliza, "Jirani zako nao wanapanda huu huu?"

"Mzee, nimekuja kununua mbegu," nikamjibu. "Sikuja kuulizwa habari za majirani."

Akafunga mfuko polepole, akanisogezea. "Sawa mama. Nauliza tu."

Nikatoka nikimwona mmbea. Swali lile nimelikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kwetu hapandi mtu peke yake. Mvua ya kwanza ikishalowesha udongo, wanawake wanaambiana kisimani, na ndani ya siku mbili tatu bonde zima limepandwa. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni ndege. Kweleakwelea wanakuja kwa maelfu, na wanachopenda ni punje changa zenye maziwa. Wakikuta mashamba yote yamefika hapo kwa pamoja, kila shamba linaliwa kidogo na kila mtu anavuna. Aliyewahi mno, au aliyechelewa, anabaki na ndege wa bonde zima. "Kupanda pamoja ni kugawana ndege," ndivyo wasemavyo, na mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Kwa hiyo mama alinihoji jambo hilo tu. "Nitapanda siku moja na wenzangu?"

"Siku hiyo hiyo, mama."

"Basi hakuna neno."

Akatulia, nami nikatulia. Hakuna kati yetu aliyejiuliza huu mfupi utakomaa lini na mrefu wa wenzake utakomaa lini. Kwetu linaloangaliwa ni siku ya kupanda. Vizazi vyote mbegu ilikuwa moja, na aliyepanda na mwenzake alivuna na mwenzake. Tuliishika mila barabara, tukasahau ilikuwa ya nini.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili ni langu peke yangu. Juu ya moto, kwenye fito za paa la jikoni, yalikuwa yananing'inia masuke yake ya mbegu ya mtama mrefu, meusi kwa masizi ili mdudu asiyaguse. Yalikuwa yamebaki kutoka mwaka wa mwisho wa neema. Miaka yote miwili ya njaa hakuyateremsha. Siku ile akayaangalia, akaniuliza, "Na haya?"

"Hayo saga ule," nikamwambia. "Utayafanyia nini tena?"

Aliyahesabu kwa macho. Kisha akapanda kigoda akayateremsha yote, kwa sababu ulikuwa mwezi mgumu, na kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Tulikula ugali wake jioni ile ile. Ulikuwa na harufu ya moshi, nami nikausifu.

Aliyetuona tukipanda ni mama mdogo. Baba alikuwa na wake wawili. Mama ndiye mkubwa, na huyu aliletwa nikiwa msichana wa kuteka maji. Nyumba zao zinatazamana na mashamba yao yanapakana. Tangu matanga ya baba walikuwa hawasemezani kwa ajili ya jiwe la kusagia, ambalo kila mmoja anadai ni lake, na hakuna anayelitumia kwa kuwa wote wanapeleka mashineni. Alisimama mpakani, akaegemea jembe, akatazama mbegu mkononi mwangu zilivyopakwa dawa nyekundu.

"Shikamoo mama mdogo," nikasema.

"Marahaba. Mnapanda mtama, au mnazika shanga?"

Nikacheka kwa adabu. Mama hakucheka; aliendelea kufukia kwa mguu kana kwamba aliyesema ni upepo.

Mwaka ule mvua ilinyesha yote. Ilianza vizuri, ikapumzika kidogo, ikarudi, ikanyesha mpaka watu wakaanza kulalamikia matope. Mtama wowote ungezaa, mrefu au mfupi. Lakini wetu ulitangulia. Nilipokwenda kuutazama masuke yalikuwa yameshajaa, mazito, yamekaa usawa wa mkono, wakati mashamba mengine yote yalikuwa majani matupu. Nilipita njia ya katikati ya kijiji nikiwasalimu watu wengi kuliko ilivyohitajika, ili waniulize. Wakaniuliza. Nikawaeleza habari za mbegu bora kwa sauti ya mwalimu. Nikirudi Nzuguni nilikuwa nimevimba kichwa mpaka kilemba kikawa hakinitoshi.

Juma moja baadaye mama akanipigia simu. Yeye simu ni ya kuulizia hali za ukoo mzima, mtu baada ya mtu. Safari hii alisema neno moja tu: "Njoo."

Nilifika asubuhi. Shamba letu lilikuwa na ndege kila suke, na wengine wanazunguka juu wakitafuta pa kutua. Kushoto, kwa mama mdogo, mtama mrefu ulikuwa haujatoa hata suke moja. Kulia vilevile. Bonde lote lilikuwa la kijani, na katikati yake palikuwa na kipande kimoja chenye chakula, nacho ni chetu. Nilielewa pale pale, kabla sijatua begi. Swali la yule mzee wa dukani lilinirudia neno kwa neno.

Kuamia ndege ni kazi ya kushinda juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu kabla jua halijatoka mpaka lizame. Unapiga debe, unapiga kelele, unarusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Mwaka wa kawaida ndege wakifukuzwa hapa wanakwenda pale, wakifukuzwa pale wanakwenda kule, na shughuli nzima inazunguka bonde. Mwaka ule hawakuwa na pale wala kule. Ukipiga debe walinyanyuka, wakazunguka mara moja, wakatua walipotoka. Nilifunga kanda za kaseti za zamani kutoka mti hadi mti ziwe zinavuma kwa upepo. Siku ya kwanza waliziogopa. Siku ya pili walizikalia.

Mama alikuwa upande wa mashariki na sufuria na mwiko. Alikuwa hanilaumu. Ningefurahi angenitukana, maana ningejua namna ya kujibu. Alipiga tu sufuria, akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, akapiga tena.

Siku ya tatu nikasikia debe la tatu. Mama mdogo alikuwa amesimama upande wa kusini, khanga ameifunga kiunoni, anapiga kwa nguvu kuliko sisi wote. Hakuna aliyemwita. Nilimwendea na maji ya kunywa.

"Mmepanda pamoja na sisi, mnavuna peke yenu," akaniambia. "Mlitaka ndege wawasubiri?"

"Hatukujua, mama mdogo."

"Hata mimi sikujua. Ningejua ningewacheka mapema." Akanywa, akafuta mdomo. "Mwambie mwenzangu wameingia kule kwenye kichuguu."

Mama alikuwa hatua thelathini kutoka pale na alisikia kila neno. Hata hivyo nilikwenda nikamwambia. Naye akanituma: "Mwambie nimewaona." Nikarudi nikasema amewaona. Siku mbili nilifanya kazi hiyo, ya ndege na ya utarishi, na sauti yangu ikaisha kabisa.

Siku ya tano ndege waliondoka wenyewe, kwa sababu chakula kilikwisha. Tulizunguka shamba tukakata masuke yaliyobakiza punje, mabichi hivyo hivyo. Mama akayapitisha motoni, tukayafikicha, tukayapepeta. Yalijaa ungo mmoja na kidogo cha pili. Hicho ndicho alichovuna katika mwaka ambao mvua ilinyesha yote.

Kuna jambo nalionea aibu mpaka leo. Tulipokuwa tumekaa pale na ule ungo, sauti ndogo ndani yangu ilisema: basi, sasa atakuja. Nilikuwa nimeshinda, kwa mbegu yangu mwenyewe. Nikajisikia vibaya kama mtu aliyeiba sadaka, lakini furaha ilikuwapo, na siwezi kusema haikuwapo.

Mama ndiye aliyeanza. "Neno ni neno," akasema. "Njoo unichukue watu wakishavuna."

"Kwa nini tusiondoke kesho?"

"Nina kuku."

Nilirudi nikaandaa kile chumba. Nilinunua kitanda na godoro, nikashona mapazia ya maua makubwa anayopenda. Kila nilipompigia aliniambia yupo shambani, nami nikadhani ni uzee, mtu anazunguka shamba tupu kwa mazoea. Miezi ikaenda. Kiangazi kikashika, watu wakavuna, na mimi nikakodi kirikuu kibebe kitanda chake, vyungu na kuku. Dereva alikuwa Mhehe, mtani wangu, na njia nzima alinipigia kelele kwamba Mgogo akiwa na nyumba Nzuguni lazima kuna mwenye nyumba aliyemsahau ndani. Nikamjibu kwa habari za kitoweo chao, kama utani unavyotaka. Nilikuwa na furaha.

Nyumba ya mama ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kuku walikuwa uwanjani kwa mama mdogo wanakula pumba.

"Yuko Mlali," mama mdogo akasema. "Amekwenda kuhemea."

Nililazimika kukaa. Kuhemea ni kwenda kwenye vijiji vilivyojaliwa, kufanya kazi mashambani kwa watu, ukalipwa nafaka. Mwaka wa njaa ya wote ni jambo la kawaida, nyumba nzima zinakwenda. Lakini kwenda peke yako, mwaka ambao jirani zako wote wamejaza vihenge, na umri ule!

"Tangu lini?"

"Mwezi na nusu. Nilimwambia avune na mimi hapa hapa, akanitazama kana kwamba sikusema kitu. Aliona aibu kuokota mtama katikati ya watu wanaomjua." Akarusha pumba nyingine. "Na kuku hakuniomba. Walikuja wenyewe."

Nilimkuta uani kwa mwanamke mmoja wa Kikaguru mwenye mashamba makubwa chini ya mlima. Wanawake kama kumi walikuwa wameketi kuzunguka rundo la mahindi, wanapukuchua kwa mikono. Mama alikuwa kati yao, mkubwa kuliko wote. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa vitambaa, na nguo ile niliijua kabla sijamjua mwenyewe. Kilikuwa kitenge nilichomshonea Krismasi, amechana upindo.

"Karibu," akasema, akasogea anipe nafasi kwenye mkeka.

"Mama, simama twende."

"Bado siku tatu rundo liishe."

"Umri huu unapukuchua mahindi ya watu?"

"Ya kwangu yako wapi?"

Ndilo neno pekee aliloniambia kuhusu lile shamba, siku ile na hata leo. Kisha akaendelea kwa sauti ya kawaida. "Tulipeana mikono, nikishindwa kujilisha nitakuja. Hebu niangalie. Pale kwenye kona ni gunia langu, limejaa. Hili la pili limefika nusu, na kunde ziko kwenye mfuko. Nimeshindwa?"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia ananidhalilisha, watu watasema nini, nina kitanda na godoro jipya ambalo bado lina harufu ya dukani, yeye anachubuka vidole kwa ajili ya ubishi. Nilisema mengi, na kwa sauti. Wanawake waliacha kupukuchua. Mwenye nyumba akatoka jikoni, akanitazama juu mpaka chini, akanipa ungo.

"Dada," akasema, "hapa hakuna anayekaa bure. Kama ni kugombana, gombana huku unapepeta."

Walicheka wote, na mama alicheka, na dereva wangu pale langoni alicheka mpaka akashika tumbo. Ningefanya nini? Nilivua viatu nikapepeta. Mwanzoni nilipepeta kwa hasira na makapi yakanirudia usoni. Baadaye mikono ikakumbuka. Alasiri, walipopima ujira, nami nilipimiwa sado yangu. Nikaenda kuimimina kwenye gunia la mama ambalo halijajaa, akaweka mkono juu ya mdomo wa gunia.

"Hiyo yako," akasema. "Peleka kwako."

Nilimtazama pale, na vile vitambaa vyake, nikalia. Sikulia kwa mahindi. Nililia kwa kuwa nilimwona mtu anayeogopa. Kitu ambacho mimi nilikiita ubishi kilikuwa hofu ya kuondolewa mahali pake, na kwa ajili ya hofu hiyo alikuwa tayari kufanya kazi mpaka adondoke, na aliyemfikisha hapo ni mimi, mara ya kwanza kwa ile ahadi na mara ya pili kwa ile mbegu. Nikamwambia, "Hukushindwa, mama." Akanijibu, "Sasa futa kamasi, watu wanakuangalia."

Tulikaa zile siku tatu. Dereva alirudi kutuchukua, na kirikuu kilichokodiwa kubeba vitu kuvitoa kijijini kikarudisha mtu na magunia. Baada ya hapo nikakituma tena kulileta godoro. Mama analilalia, na hachoki kusema linamuumiza mgongo.

Jioni ya kurudi, jua likiwa bado juu ya mashamba, mama mdogo alivuka uwanja. Mkononi alikuwa na fungu la masuke ya mtama mrefu yaliyofungwa kamba, meusi kwa masizi. Nilijua mara moja kwamba habari ya ile mbegu tuliyosaga ilimfikia. Hakuketi.

"Hii ni yako," akamwambia mama. Alimwambia mwenyewe, hakunituma. "Siku nilipoletwa hapa ulinipa mbegu ya shamba langu la kwanza. Ni ile ile. Sijaichanganya na kitu."

Ni kweli, kwetu mke mkubwa humpa mbegu anayeletwa. Nilikuwapo siku hiyo, nilibeba mimi kibuyu chenyewe, na nilikuwa nimesahau. Mama aliyapokea masuke kwa mikono yote miwili. "Asante, mwenzangu," akasema. Nikangoja waendelee, labda wafike kwenye jiwe la kusagia. Hawakuendelea. Mama mdogo alinigeukia mimi.

"Na wewe, zile shanga zako bado zinauzwa?"

"Za nini tena, mama mdogo? Umeona zilivyotufanya."

"Niliziona zilivyozaa. Mtama haukuwa na kosa, ulikuwa peke yake. Tukipanda bonde zima, nusu shamba huu na nusu shamba ule, mvua ikikatika tutakula mfupi, isipokatika tutakula yote. Na ndege watagawana kama kawaida." Akaanza kuondoka. "Niliwaambia wenzangu kisimani. Wengine wamekubali, wengine wanasema utatuua. Leta ya watu kumi na mmoja."

Nilirudi kwenye lile duka karibu na soko. Mzee alikuwa pale pale. Nilimwamkia, nikamwagiza mifuko kumi na mmoja, na kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Jirani wote wanapanda, mzee. Na unisamehe maneno ya mwaka jana."

"Maneno gani, mama?" akasema. "Mimi nilikuwa nauliza tu."

Tulipanda siku moja, wote waliokubali na hata wawili watatu waliokuwa wamekataa. Mama alipanda nusu ya masuke aliyopewa, na nusu akayarudisha juu ya moto. Safari hii sikuyatolea ushauri.

Mvua ikakatika mapema. Mtama mrefu ulianza kujikunja majani kabla haujatoa masuke, kama ile miaka miwili. Lakini kando yake, shamba baada ya shamba, ule mfupi ulikuwa umeshajaa punje, na kweleakwelea wakaja siku ile ile waliyotarajiwa. Nilibandika karatasi mlangoni kwamba fundi hayupo juma zima, nikapanda basi.

Kile chumba chenye jua la asubuhi nimekijaza vitambaa na cherehani ya pili. Mama sijamtajia tena mjini, na sitamtajia. Namwona ananenepa kidogo.

Asubuhi ya kwanza nilipanda dungu na debe langu, yeye akaketi chini yangu kwenye kivuli anachambua mboga. Ndege walikuja saa moja. Walikuwa wengi, lakini hawakuwa wa bonde zima. Walikuwa fungu letu. Nikapiga debe, wakanyanyuka wote, wakageuka juu yetu, wakaelekea mpakani. Nilijiandaa kutumwa. Lakini mama alikuwa ameshasimama, mikono ameikusanya mdomoni, anamwita mwenyewe kwa nguvu zake zote.

"Mwenzangu! Wanakuja kwako!"

Likasikika debe upande wa pili, kisha sauti ya mama mdogo.

"Waache waje!"